Darubini ya Kioo, Inchi Nane

Kaka yangu ni mtu wa kuwachagulia watu. Amemchagulia mkewe rangi ya mapazia, mdogo wetu wa mwisho shule, na jirani yetu jina la mtoto. Nayasema haya mapema ili nisionekane nimemkasirikia kwa darubini tu. Nilikuwa nimemkasirikia tangu zamani.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na mwisho wa wiki napiga picha za harusi. Kamera nilikuwa nayo. Nilichokosa ni darubini ya kuifunga kamera hiyo, nipige picha za mawingu ya gesi yaliyo mbali mno angani, yale ambayo jicho tupu huyaona kama doa la moshi au haliyaoni kabisa. Mwaka mzima nilisoma kwenye simu habari za walionunua wakafurahi na walionunua wakajuta.

Darubini ziko za namna mbili. Moja ina lenzi mbele, na mwanga unapita ndani yake. Nyingine ina kioo kilichopinda, kimekaa chini ya bomba, kinaukusanya mwanga na kuurudisha juu. Nilitaka hiyo ya pili. Kitu hafifu kinataka darubini yenye mdomo mpana, na lenzi ya inchi nane hata ningeipata nisingeweza kuinyanyua. Kioo cha inchi nane ningekipakia garini peke yangu nikakipeleka Makunduchi, kwenye shamba la mama, ambako bado kuna giza. Kiwengwa siku hizi taa za hoteli zimelimaliza.

Kaka alikuwa anakwenda Dubai kuchukua mizigo ya duka lake, nikamwomba aniletee. Akaanza palepale.

"Bomba lenyewe liko wazi. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, kioo si kitaliwa?"

"Nshalifikiria hilo, kaka."

Nilikuwa nimeshalifikiria kweli. Nilikuwa na droo nzima ya vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Aliviangalia akacheka, akasema mwezi unaonekana vizuri kwa lenzi, na mwezi ndio wenye faida kwa watu. Nikamwandikia karatasi: darubini ya kioo, inchi nane, bomba fupi.

Alirudi baada ya wiki mbili, akaleta sanduku nyumbani kwangu baada ya Alasiri. Lilikuwa refu na jembamba. Nilijua kabla sijalifungua, nikalifungua hivyohivyo. Ndani mlikuwa na bomba refu, na mbele yake lenzi yenye upana wa kikombe cha kahawa.

"Hii siyo," nikasema.

"Vipi siyo? Umeandika kioo." Akaigonga lenzi kwa ukucha. "Hiki si kioo?"

Hapo akanibana, hata inchi nane na bomba fupi nikavisahau, na niseme ukweli, nilijichukia. Darasani nawakata alama wanafunzi wanaoandika kioo bila ya kusema kioo gani, maana kwetu cha dirisha ni kioo, na cha kujitazamia ni kioo vilevile. Mimi mwenyewe, kwa kitu nilichokitaka kuliko vyote, nikaandika neno tupu. Nikakaa chini. Nilikuwa karibu kumwomba radhi.

Yeye akaendelea kuongea, kwa raha zake. "Na mwenye duka mtu mzuri, Mwarabu wa Maskati, Kiswahili chake kama cha kwetu. Kasoma karatasi yako, kaniuliza: kioo cha kutazamia au cha kujitazamia? Maana anazo zote mbili."

"Kakuuliza?"

"Kaniuliza. Hata hiyo fupi nene kanionesha. Inchi nane."

Nilimtazama. Hakuona alichokisema. Alikuwa anakunja nailoni ya sanduku vizuri, pembe kwa pembe, kama mtu aliyemaliza kazi yake.

"Simu ulikuwa nayo?"

"Nlikuwa nayo."

"Kwa nini hukunipigia?"

Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Ningekupigia," akasema, "ungesema cha kujitazamia."

Nikalirudisha bomba ndani ya sanduku, nikafunga kifuniko, nikalisukuma kwa mguu mpaka mlangoni. Nikamwambia aichukue aende nayo kwake, maana aliyeichagua ni yeye, na kwamba karatasi yangu nataka anirudishie. Akasema ameitupa kulekule dukani.