Mkuu wa Stesheni Katika Eda ya Mama

Mama alipokaa eda ya baba, mimi bintiye nilikuwa nyumbani Msambweni, na sitajisifu kwamba ni kwa wema wangu. Hoteli ninakofanya kazi ilikuwa imefungwa kwa msimu wa mvua. Kila mwaka wageni wakipungua Diani, wafanyakazi tunaambiwa twende likizo mpaka tuitwe, likizo isiyo na mshahara wala tarehe ya kurudi. Mwaka ule niliipokea bila kununa, jambo ambalo wanaonijua watalishangaa. Mama alikuwa bado ana miezi mitatu na siku kadhaa za kukaa ndani na nguo zake nyeupe, na alikuwa hali chakula.

Sisemi alikuwa anakula kidogo. Alikuwa hali. Unampelekea wali, anakushukuru, anakuombea dua ndefu, kisha ukirudi unakuta sahani imefunikwa vile vile. Zile nguo nyeupe alizishona mwenyewe, yeye ni fundi wa kushona na vipimo vyake havikosei, lakini kufikia mwezi wa pili zilikuwa zinampwaya. Mimi ni mtu wa mapokezi. Kazi yangu ni kuwaambia wageni habari mbaya kwa sauti nzuri, kwamba chumba cha upande wa bahari kimechukuliwa, kwamba maji ya moto yanakuja, na nimezoea kuona tatizo likiisha nikiwa bado nimesimama. Hili halikuisha. Nilianza kuogopa kwamba baada ya kumzika baba tutamzika na yeye.

Aliyetuokoa, kwa muda, ni kaka yangu wa Mombasa. Alikuja Jumapili moja na flashi yenye tamthilia ya kigeni, misimu mitano mizima, akaniambia nimwoneshe mama kwenye kompyuta yangu. Nilimwuliza kama ana akili timamu. Alisema mama haruhusiwi kutoka nje, basi tumtoe kwa njia hiyo.

Ilikuwa hadithi ya watu wanne wa mji mmoja mdogo wenye stesheni ya zamani ya reli. Kulikuwa na mlango nyuma ya chumba cha tiketi, na binti mmoja mhandisi aligundua kwamba ukiufungua kwa wakati fulani unatokea kwenye mji ule ule, lakini katika dunia nyingine. Mji mmoja mvua haijawahi kunyesha. Mwingine watu wote wamekatazwa kuimba. Hao wanne, yaani binti, kaka yake, mwizi waliyemkuta amejificha mle, na mzee mkuu wa stesheni, walipita mlango siku moja kwa bahati mbaya na wakawa wanahangaika kutoka dunia hii hadi ile wakitafuta ya kwao.

Tulikuwa tunatazama baada ya Alasiri, sehemu moja kwa siku, na tunazima kabla ya Magharibi. Kiingereza cha mama ni cha salamu tu, kwa hiyo mimi nilikaa ubavuni kwake nikifasiri. Siku ya kwanza alikaa akivuta tasbihi yake, nikadhani anavumilia kwa ajili yangu. Kisha akatokea mkuu wa stesheni, mzee mnene mwenye funguo nyingi mfukoni, analalamika kwamba chai imepoa, na mama akavuta kanga haraka akajifunika uso mpaka chini ya macho.

Nilimwambia yule mzee hamwoni. Akasema, "Mimi namwona."

Mwanamke aliye edani hakai na mwanamume asiye maharimu wake, na mama aliamua kwamba sheria ni sheria hata kama mwanamume mwenyewe yumo ndani ya kioo. Yule kaka mtu na mwizi hakuwajali, alisema ni watoto. Mzee tu ndiye aliyefunikiwa uso. Ikawa hivyo kila siku, mzee akiingia kanga inapanda, mzee akitoka kanga inashuka, mimi nikiuma midomo nisicheke. Shangazi, dada yake baba, ambaye huja kila Ijumaa kutoka Gazi na samaki changu wa kukaanga, alitukuta hivyo akatoa macho. Alisema eda na sinema wapi na wapi. Alikaa mkekani ili atukemee vizuri, na Ijumaa iliyofuata alipoingia, hata kabla ya kuvua viatu, alituuliza kama yule mwizi amekamatwa.

Lililo kubwa ni hili. Mkuu wa stesheni alikuwa hawezi kumaliza sehemu moja bila kunywa chai na kitafunio, hata dunia iwe inaungua. Siku ya nne au ya tano mama akaniambia, bila kugeuka, kwamba na yeye angependa chai. Nilienda jikoni mbio. Nilileta na mahamri mawili, akala moja na nusu. Kuanzia hapo akawa anakula pamoja na yule mzee. Mzee akinywa, naye anakunywa. Nilimpenda mzee yule kwa moyo wangu wote, na ningemlipia chumba bora Diani kama angekuwa mtu wa kweli.

Mama alikuwa mtazamaji mgumu. Macho ya fundi hayana huruma. Msimu wa pili aliniuliza kwa nini dunia zote zina mapazia ya kitambaa kimoja. Nilirudisha nyuma tukaangalia, na kweli, ikulu ya dunia isiyo na mvua ilikuwa na mapazia ya hospitali ya dunia ya wasioimba, yamegeuzwa tu ndani nje. Alionesha hata pindo lililofumuka. Baada ya hapo nilishindwa kabisa kuiogopa ile hadithi, lakini yeye hakuacha kuiamini.

Msimu wa tatu ulipoanza aliona mambo kabla yangu. Mji ulikuwa mwingine. Ule wa kwanza ulikuwa wa ukungu na majani mabichi, na huu jua kali, vumbi, vivuli vifupi. Kaka wa yule binti alikuwa na sura nyingine. Mimi nilifasiri kama walivyosema wao, kwamba amechukuliwa wa dunia nyingine akaletwa huku, ni yule yule ila uso tofauti. Mama alisema sura nyingine, sauti nyingine, kimo kingine, basi ni mtu mwingine, wasitufanye wajinga. Kisha akatulia akasema, "Hapa pamebadilishwa meneja."

Alikuwa anajua anachosema. Baba alikuwa mpishi wa hoteli moja Diani kwa miaka mingi, na mama aliishi na mabadiliko ya hoteli ile kama wengine wanavyoishi na mvua. Meneja mpya huja na watu wake. Kwanza anabadilisha sare, kisha rangi ya kuta, kisha mnaona nyuso ngeni jikoni. Mwisho anawagusa wazee. Baba alirudi nyumbani siku moja adhuhuri, visu vyake vimeviringishwa ndani ya aproni, akaviweka juu ya kabati na kumwomba mama maji ya kunywa. Hakuagwa. Hata wageni waliomzoea waliambiwa amesafiri. Mama aliyasema hayo huku akimtazama mkuu wa stesheni, na nikaona anamwonea wasiwasi.

Jioni ile nilifanya kosa la mtu asiye na subira. Nilichukua simu nikasoma habari za ile tamthilia. Ilikuwa kama mama alivyosema. Watayarishaji wa kwanza walikuwa wameondoka, wapya wakahamisha upigaji picha hadi mji mwingine ili kubana matumizi, na mwigizaji wa mkuu wa stesheni aliwaambia wazi kwamba hadithi imepoteza kichwa. Wakaona heri waachane naye. Katikati ya msimu wangemwua, na katika nafasi yake angeletwa askari kijana mwenye misuli. Kufikia msimu wa tano angebaki mwizi peke yake kati ya wale wanne wa mwanzo.

Nilihesabu tulipofika. Zilibaki sehemu tatu. Nilifikiria kumwambia mama kompyuta imeharibika, lakini alikuwa ndiyo kwanza anamaliza sahani. Nikaamua kufanya ninachofanya kazini.

Siku yenyewe ilipofika mzee alijeruhiwa akiushikilia mlango ili wenzake wapite. Wakampitisha naye, wakamlaza kwenye benchi upande wa pili, yule binti akapiga magoti. Walisemezana kwa sauti ndogo. Mama alikuwa amejifunika hadi chini ya macho. Nilimfasiria kwamba mzee amechoka, anawaambia watangulie. Atabaki dunia hii aulinde mlango, maana hapa pana stesheni nzuri isiyo na mwenyewe, na atakuwa akiwaletea salamu. Mama aliuliza mbona yule binti analia. Nilisema ni machozi ya kuagana. Mama akasema, "Ahaa," akaomba chai.

Basi nikawa nimejitwika kazi. Sehemu iliyofuata askari mpya aliingia na kifua chake, na mama akauliza kama mzee ametuma salamu. Ilibidi atume. Kila walipokaa kupanga mambo yao, mimi niliingiza maneno ya mzee. Kwamba hajambo. Kwamba amepanda mihogo nyuma ya stesheni. Kwamba watu wa dunia ile hawajui kupika, wanaunguza vitunguu kisha wanaita pilau, na chai yao haina iliki. Mara nyingine wale watu walikuwa wanakimbizwa na moto mkubwa, na mimi nasema hapa wanasoma barua ya mzee. Mama alicheka hadi akafuta macho. Aliongeza hata maswali, mguu wake vipi, analala vizuri. Nilijibu yote. Nilianza kuyatunga asubuhi nikifagia uwanja, na sitaficha, nilikuwa nafurahia. Saa zile za Alasiri zilikuwa nzuri kuliko zote za mwaka ule.

Ikabaki wiki moja eda iishe. Shangazi alikuwa ameshaanza kuulizia nani atampeleka mama kuoga siku ya kutoka edani, na mimi nilikuwa nimeitwa kazini. Mama alikuwa amenenepa kiasi cha nguo zake kumkaa. Alasiri ile niliwasha kompyuta, akanizuia mkono.

"Nirudishie siku ile ya benchi," akasema. "Leo unifasirie sawasawa."

Nilijifanya sikuelewa benchi lipi. Aliniangalia tu.

"Nilimwona yule binti akimfumba macho," akasema. "Mimi nimemfumba babako kwa mkono huu. Naujua mkono unavyokwenda."

Niliona haya, kisha nikakasirika, maana ndivyo nilivyo. Nilimwuliza kwa nini aliniacha nidanganye wiki zote zile kama mwehu. Alisema sikuwa nikidanganya. Alisema toka baba alipofariki sikuwa nimemtaja, wala mara moja. Wengine walikuja wakamsimulia, mimi nikiletewa habari yake nainuka naenda kuangalia sufuria. Halafu mzee wa watu akabaki kwenye benchi, na ghafla nikawa na habari za pilau, na vitunguu, na iliki, na mguu unaouma siku za mvua. Alikuwa akimsikia baba kila Alasiri kutoka kinywani mwangu. Angenikatizaje?

Kisha akasema lile ambalo nilidhani hakuliona, kwa vile siku ya mazishi hakuwa akiona kitu.

"Kabla jeneza halijatoka tuliitwa wanawake wa nyumbani tukamtazame. Tuliitwa mara mbili. Wewe ulikuwa unatandikia watu mikeka."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesimama mlangoni siku nzima nikipokea watu, huyu akae huku, yule apewe maji, viti vya wanaume vipelekwe nje. Watu walinisifu. Nilisikia tukiitwa, na nikaenda kutafuta mkeka mwingine wakati mikeka ilikuwa tele. Niliporudi wanaume walikuwa wameshambeba.

Nilitafuta ile sehemu, nikairudisha pale mzee anapopitishwa mlangoni. Mzee akalazwa kwenye benchi. Binti akapiga magoti. Nilianza kufasiri kwa sauti yangu ya mapokezi, na haikufika mbali.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anamwuliza kama wote wamepita."

"Binti anamjibu nini?"

"Anasema wote wamepita. Kwamba hakuna aliyebaki nyuma."

"Naye?"

"Anasema basi afunge mlango, baridi inaingia."

Yule mwigizaji, ambaye tayari alikuwa ameshagombana nao na alijua ni siku yake ya mwisho kazini, alitazama juu kidogo, pembeni mwa kamera, akaacha kutazama. Mkono wa binti ukashuka usoni pake. Mama hakuuliza tena, alinisubiri.

"Amekufa," nikasema. "Mama, amekufa."

Mama alinyoosha kidole akaisimamisha picha mwenyewe, nami sikujua kwamba amejifunza kitufe kiko wapi. Akanivutia kifuani kwenye ile nguo yake nyeupe, akaniambia nilie tu, Magharibi bado.