Chandarua Ndani ya Moteri

Mimi ni fundi wa ndege ndogo hapa Uvira. Juzijuzi hewa iliyoingia kwenye moteri yenye turbo ilizidi joto. Siku tatu nilikagua mabomba, nikabadilisha kipimajoto, mwishowe nikamgeukia rubani, Mama Neema, mbele ya abiria: "Weye unapandisha ndege mbio sana."

Alifungua kifuniko cha moteri, akachomoa mbele ya kipoza hewa ya moteri kipande cha chandarua, kimejaa wadudu wa ziwani hata upepo haupiti. Nilikifunga mwenyewe kuwazuia wadudu hao, nikasahau. Nilikuwa nimemshuku kila mtu isipokuwa mimi.

Mke wangu, aliyeniletea bugali, akakipokea, akakigeuzageuza.

"Baba Asifiwe, si ulisema ni panya walikata chandarua ya batoto?"