Kiti cha Heshima Mbele ya Spika

Bado nina hasira, na mtu asiniambie nitulie.

Tangu macho ya mama yalipozimika, alibaki na safari moja tu ya peke yake: kutoka nyumbani hadi bustani iliyo nyuma ya soko, hapa Kasongo. Hakutaka kushikwa mkono. Akisikia mashine ya kusaga mihogo, alijua amefika kona. Akisikia maji ya bomba, alikata kushoto. Kisha aliifuata sauti ya mianzi ya bustani hadi kwenye benchi lake, akakaa kusikiliza njiwa wakigombana. Akirudi alinisimulia nani kamfukuza nani, kama anayewasema majirani. Nilicheka sana siku hizo.

Ndipo vijana wa mtaa wakaleta spika mbili ndefu kama milango, eti bustani ipate uhai. Uhai gani! Muziki asubuhi hadi magharibi, mianzi haisikiki, bomba halisikiki.

Nikawaendea. Nilifoka, muziki ukinguruma, mpaka koo likakauka: mama yangu haoni, kelele yenu inamtesa! Mkubwa wao akaniinamia kwa adabu zote, akaniita yaya kama ndugu yake mkubwa.

"Pole, yaya. Hatukujua kama mama iko anasikia mubaya kule nyuma. Tutamupatia kiti ya mbele."

Nilidhani ananitania. Wapi! Kesho yake walimwekea kiti cha mbao chenye mto, hatua mbili kutoka kwenye spika. Kwetu mzee haachwi nyuma, na mzee naye hakatai heshima aliyopewa. Mama akakaa. Siku tatu alijibana mtandio masikioni, nao wakimletea chai na kumwongezea sauti ili afaidi. Laiti wangekuwa watovu wa adabu, ningejua la kuwafanya.

Siku ya nne, akirudi, hakulisikia bomba. Akapita pale pa kukata, akatumbukia mtaroni. Mguu umepona, lakini hatoki tena.

"Njia sisikii tena, mutoto wangu," aliniambia, akaomba nifunge mlango.

Jana nilipita bustanini. Kiti kipo palepale, kimepanguswa vumbi, na hakuna anayethubutu kukikalia. Yule kijana akanipazia sauti juu ya muziki:

"Yaya! Mama atakuya lini? Kiti yake iko!"

Nilimjibu yote yaliyokuwa moyoni mwangu, moja baada ya jingine. Akaweka kiganja sikioni, akatabasamu. Hakusikia hata neno.