Kidole Changu na Munkoyo wa Nkambo

Mfuko ulifika kutoka Kasaji siku ya Jumatano, umefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, na kabla sijaufungua nilikwishajua kilichomo. Harufu ya mizizi ya munkoyo huwezi kuisahau ukishalelewa nayo: udongo mkavu, majani ya porini, na utamu kidogo unaokuja mwishoni. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu hapa Dilala, binti yangu wa siku kumi na moja mapajani. Nikauweka ule mfuko puani, nikaanza kulia, na dereva wa pikipiki akadhani ameleta mzigo wa msiba. Akavua kofia yake. Ikabidi nimwambie kwamba hapana, tata, huu ni mzigo wa uzazi. Lakini hakukosea sana.

Kama hujawahi kunywa munkoyo, ngoja nikueleze. Ni kinywaji chetu cha mahindi. Unapika uji mzito, unauacha upoe, kisha unatia mizizi iliyopondwa mpaka ikawa nyuzinyuzi. Ile mizizi inaulegeza uji wenyewe, unakuwa majimaji, na kesho yake asubuhi unachuja na kunywa. Siku ya kwanza ni mtamu na ni wa watoto na wazazi. Siku ya tatu umechachuka, na hapo wanaume wanakumbuka kututembelea. Mzazi, kwetu, ni mwanamke aliyejifungua juzijuzi, na munkoyo wa siku ya kwanza ndio unaomletea maziwa. Ndivyo nilivyoambiwa, na sijawahi kumuuliza daktari.

Maziwa yangu yalikuwa hayaji. Mtoto ananyonya kidogo, anaachia, analia, anarudi tena kama mtu aliyesahau kitu. Muuguzi alimpima, akaitazama mizani kwa muda, akasema nirudi Jumatatu. Kama hajaongeza uzito, tutaanza maziwa ya kopo. Najua wengi wamekua na maziwa ya kopo na wana afya kunishinda. Lakini nilitoka pale na aibu ambayo hakuna mtu aliyenipa. Mume wangu yuko kambini mgodini, anarudi kila baada ya wiki mbili. Na mama yangu, ambaye kwa desturi ndiye angekuja na kanga zake na amri zake kukaa nami mwezi mzima, tulimzika wakati wa mvua, mimba yangu ikiwa ya miezi minne. Aliyebaki ni mama mkubwa, dada yake, huko Kasaji, na miguu yake haimruhusu tena kusafiri. Yeye ndiye aliyetuma mizizi. Alisema kwenye simu kwamba inatosha kupika mara mbili, na kwamba nyingine haitapatikana mpaka wachimbaji wa mizizi warudi kutoka porini.

Basi nikakumbuka jiko la nkambo. Nkambo ni mama wa mama yangu. Kwetu ukisema bibi, watu watafikiri unamtaja mke wa mtu. Tulikaa naye katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi, nyumba za matofali zilizofanana zote, mpaka siku moja baba akaingia kwa jirani akidhani ni kwetu, na jirani ndiye akaomba radhi. Saa ya nyumba ilikuwa king'ora cha mgodi. Kikilia cha asubuhi, nkambo anawasha makala, yaani makaa, kwenye mbabula, jiko lake la bati. Kikilia cha mchana, sombe, majani ya muhogo, imekwisha kuiva na karanga zake, na maji ya bukari, yaani ugali wetu, yanachemka. Vumbi lilikuwa juu ya kila kitu na kila siku tulilifuta. Nyuma ya mstari wa mwisho wa nyumba kulianza pori, na humo nkambo aliingia na jembe dogo kuchimba mizizi yake, akatoka huku amejifunga kanga kiunoni na hataki kusaidiwa.

Nilikuwa na miaka minane mdogo wangu alipozaliwa. Mama alilala chumba cha mbele, nkambo akashika nyumba nzima, na siku ya pili akapika munkoyo. Ndipo alipotoa sheria yake, akiisema kwa sauti ili mama asikie huko ndani, kwa sababu mama alikuwa ameamka akitaka kusaidia.

"Muzazi hapikake munkoyo yake yeye moya," alisema. "Akipika yeye moya, ni kusema hana mutu."

Wala hakuruhusiwa kujichotea. Kikombe cha kwanza mzazi anakipokea kutoka mkononi mwa mama yake. Hata kama mama yake ana haraka, hata kama kikombe kiko mezani karibu na mkono, anasubiri.

Na mimi nilikuwa na kazi yangu. Uji ukishamiminwa kwenye chungu kikubwa, nkambo ananiita. Ninatia kidole cha shahada ndani ya uji, na hapo hapo naanza kutaja majina ya watoto wake saba kwa mfuatano wa kuzaliwa. Si mbio, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kidole kikishindwa nikiwa kwenye jina la tatu, uji bado una moto, tunangoja. Nikifika la saba kidole kikiwa ndani, mizizi inaingia. Moto ukizidi unaiua mizizi, uji unabaki uji. Jina la saba lilikuwa la mama yangu, kitinda mimba, kwa hiyo kila mara nilijua nikifika kwa mama nimeshinda.

Wawili kati ya wale saba walikufa wakiwa wachanga. Siku hiyo nikaona nirahisishe mambo, nikawaruka. Nkambo akanirudisha mwanzo, kidole kikiwa chekundu.

"Bote," alisema. "Na bale balikufa. Bote nilibazala mi."

Majina yenyewe siyaandiki hapa. Ni ya kutajwa kwa mdomo, kidole kikiungua. Lakini nataka ujue jinsi nilivyojiona. Watoto wa jirani walikuwa wanateka maji na kufagia. Mimi peke yangu ndiye nilikuwa na kidole kinachoaminiwa na nkambo. Niliringa nacho. Nilikifunga kitambaa siku nzima kama jeraha la vita, na mama alicheka mpaka akaambiwa asicheke, tumbo lake bado bichi.

Nyumba ile haipo. Ilijulikana kwamba chini ya mtaa wetu kulikuwa na shaba na kobalti, na jirani mmoja akaanza kuchimba sebuleni kwake, mkewe akipika uani na udongo ukipita kwenye ndoo. Baadaye watu walikuja na rangi nyekundu, wakaandika namba kwenye kuta. Tulihamishwa. Nkambo alipanda lori na chungu chake mapajani, hakutaka kiwekwe pamoja na vyombo vingine, na katika nyumba mpya hakupika munkoyo hata mara moja. Alisema hajui pori la huko. Alikufa kabla hatujazoea njia ya kwenda sokoni. Mwaka jana nilipita upande ule kwa taxi-moto, nikajaribu kuonyesha jiko letu lilipokuwa. Kuna shimo kubwa, na lile pori la mizizi limefunikwa na kilima cha udongo wa kijivu. Sikuweza hata kukisia mlango ulikuwa upande gani. Niliona uchungu, nikamwambia dereva aendeshe.

Siku ya Alhamisi nilipika munkoyo wangu mimi mwenyewe. Sheria niliikumbuka, lakini Jumatatu ilikuwa inakuja. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikakoroga, nikamimina, nikaponda nusu ya mizizi. Nikatia kidole, nikaanza kutaja. Nilifika jina la saba bila taabu yoyote, nikashangaa jinsi uji ulivyopoa upesi, nikasema ni baridi hii, maana kwetu kiangazi ndicho chenye baridi. Nikatia mizizi. Asubuhi yake nilifunua chungu, na mwiko ukasimama wima ndani ya uji. Ulikuwa mzito vilevile, na juu umeanza kunuka.

Nilimwaga nusu ya mizizi yangu nyuma ya choo. Sitakuficha nilichofikiri. Nilifikiri nkambo alisema kweli, nimepika mwenyewe kwa sababu sina mtu, na uji umelijua hilo. Kisha nikamkasirikia mama. Nilimkasirikia kwa kufa, waziwazi, nikiwa nimesimama uani na chungu kichafu mkononi. Miezi mitano nilikuwa nimemlilia kama inavyotakiwa, na siku hiyo nilimgombeza. Mtoto akaamka akataka ziwa, nikampa lililokuwepo.

Jumamosi asubuhi mama jirani alikuja kutuona nikiwa namwogesha mtoto. Mtoto alikuwa analia kilio cha kukata roho, nami nikasema ni tabia yake, hapendi maji. Mama jirani alikunja mkono wa blauzi, akachovya kiwiko kwenye beseni, akamtoa mtoto majini upesi.

"Mama, iko moto hii," alisema. "Mikono ya bukari haisikiake tena moto. Pimaka na kiwiko."

Nilibaki nimechuchumaa na mikono majini. Kwangu maji yalikuwa vuguvugu tu. Nikaitazama ile mikono, mikono ya mwanamke anayepika bukari kila siku ya Mungu kwa miaka ishirini, na nikamwona nkambo anageuza makala kwa vidole, anafunua sufuria bila kitambaa. Hakuwahi kutia kidole chake kwenye uji. Hata mara moja. Nilidhani alinipa heshima, kumbe vidole vyake vilikuwa vimekufa, akahitaji kidole kibichi. Na kabla yangu lazima kilikuwa kidole cha mama, mdogo wa wale saba, akitaja majina ya ndugu zake mpaka afike kwa lake mwenyewe. Hili mama hakuwahi kuniambia, na sasa sina wa kumuuliza.

Nikapika tena mchana huo na mizizi iliyobaki. Katika mwili wangu mzima nilitafuta mahali ambapo moto wa jiko haujafika, nikachagua ndani ya mkono, pale kwenye kunjo, ambapo kichwa cha mtoto hulala akinyonya. Nilidondosha uji pale kwa kijiko. Nilipofika jina la pili uliniunguza, nikaufuta haraka. Nikangoja, nikafua nepi tatu. Mara ya pili nilifika la nne. Na hapo nikagundua jambo ambalo utotoni sikulijali: nilipokuwa nayataja kwenye chungu cha nkambo, marehemu walikuwa wawili. Sasa aliye hai ni mama mkubwa peke yake. Nilikuwa nataja kaburi baada ya kaburi kwa mwendo wa mtu anayetembea, na nilitaja yote. Mara ya tano nilifika la saba. Nikalisema jina la mama, uji ukakaa mkononi bila kuuma, nikatia mizizi. Nilipokoroga, niliusikia uji unabadilika sauti, kutoka uzito hadi majimaji, kama zamani.

Usihangaike, nikuambie ya Jumatatu kwanza. Mizani ilipanda, kidogo sana. Muuguzi aliandika, akasema sawa, turudi tena wiki ijayo. Kama ni munkoyo, au ni kwamba nilikuwa nimeacha kugombana na marehemu, mimi sijui.

Lakini ninachotaka kukusimulia ni Jumapili. Mtaa ulikuwa kimya, mama jirani na wengine wote wako kanisani. Nilichuja munkoyo, nikajaza kikombe, nikakiweka juu ya kigoda. Halafu sikuweza kukichukua. Kiu ilikuwepo, mkono ulikuwepo, lakini nilikaa nakitazama, kwa sababu kikombe cha kwanza hakichukuliwi, kinapokewa. Nyumba haipo, pori halipo, king'ora hakilii tena, chungu cha nkambo kilipasuka, mama yuko chini ya udongo ambao bado haujatulia. Mpaka siku hiyo nilidhani nimekwisha kuhesabu vyote vilivyopotea. Kumbe kilikuwa kimebaki hiki, mkono mmoja wa kunipa kikombe.

Binti yangu alikuwa macho kwenye mkeka. Nilimpa jina la mama yangu, na kwetu mtoto mwenye jina la mama yako humwiti mwanangu. Unamwita mama, tangu siku ya kwanza, na unamheshimu hivyo. Nilimpakata. Nikauweka mkono wake kwenye mpini wa kikombe, naye akaushika kwa vile vidole vyake laini, anavyoshika kila kitu. Mimi nilikitegemeza kwa chini, kisha nikakipokea.

"Aksanti, mama," nikasema.

Nikanywa chote. Ulikuwa mtamu, wa siku ya kwanza. Kisha nikamweka mama kifuani, anyonye.