Jibu Nililopeleka Kakoba

Hapana, mwanangu, sikumulaani. Batu ba hapa Rubondo, mu kambi ya wakimbizi, banapenda kusema eti huyu mama alilaani mudogo wake. Nilimuigiza tu, na hiyo njo mubaya zaidi.

Nakumbuka tulikuwa tungali wapya hapa, tumetoka Kivu na nguo ya mwilini. Nilikuwa na nguvu ya kubeba bidoni mbili za maji toka ku bomba ya kisima, na kinywa haikuchoka. Niliigizaka kila mutu. Pasteri wetu: "Bapendwaaa!" Polisi ya Uganda: "Wewe mama, kwenda kule, panga laini!" Batu banacheka mpaka kukaa chini. Hata wewe unacheka. Ngojea.

Wilondja, mudogo wangu wa tumbo moja, akafiwa na binti yake wa miaka mbili. Homa. Kwetu mutu wa kilio anasema anachotaka mpaka siku ya kunyoa nywele, mwisho wa kilio, na hakuna mwenye kumujibia. Wilondja alikaa chini, udongo ya kaburi ingali ku magoti, akapiga kelele: "Kama Mungu iko, alikuwa fasi gani? Alikuwa analala?" Bazee bakamuachia aseme. Mimi nikaweka ile sauti mu kichwa.

Siku ya Mungu iliyofuata, Jumapili, nywele hazijanyolewa, bamama ba kanisa bakafanya mchezo juu ya batu benye kukataa Mungu. Nani atacheza mupagani? Mimi! Nikapiga magoti, nikalia na sauti ya Wilondja yenyewe, mpaka kikohozi chake: "Alikuwa analala?" Kanisa yote ikapasuka na kicheko. Pasteri anapanguza machozi. Kugeuka, naona Wilondja ku mulango. Alikuwa ameoga, amevaa shati ya kusali.

Alienda Mbarara bila kuniaga.

Mwaka ikapita. Tukasikia iko Kakoba, mule mule Mbarara, anatengeneza baiskeli ku duka ya muzee mumoja Mwislamu, na wanafunzi wa chuo kikuu banamufundisha kwamba Mungu ni hadithi ya batu benye woga. Pasteri akanipa jibu: "Mwambie bomba haikujichimba yenyewe. Dunia nayo iko na mwenye kuichimba." Nikaikariri njia yote mpaka Kakoba. Mimi, mutu hajaingia hata darasa moja, nikajiona profesa!

Yule muzee wa duka akanipa kiti. "Mama, usianze na maneno. Kaa naye, mnywe chai. Bado ana msiba." Nikamuitikia, sikumusikia. Nikamwaga yote nikiwa nimesimama: bomba, muchimbaji, dunia.

Wilondja hakuinua hata kichwa. "Na kama mutoto anakufa na kiu kando ya ile bomba, nitamuimbia muchimbaji?"

Ningesema sijui. Ningesema na mimi ninamulilia ule binti yake mpaka leo. Nikasema nini? "Shetani amekuingia!"

Mwanangu, ile jibu ya bomba si mubaya, ningali naiamini. Lakini ni ya mutu mwenye kuuliza dunia ilitoka wapi. Mudogo wangu aliuliza kitu ingine. Sasa nyinyi muko na simu, munasikia mingi, na kesho rafiki yako atakuambia Mungu haiko. Usikimbilie kumushinda. Muulize kwanza nani alikufa. Musikilize mpaka amalize. Kama hujui, sema hujui, kisha umuambie ile unajua, polepole. Yesu ku musalaba aliuliza Baba yake juu ya nini amemuacha. Wewe ni nani wa kucheka mwenye kuuliza?

Mungu akulinde na kinywa kama hii yangu. Akuachie batu bako karibu, bangali hai, bangali banakusemesha.

Wangu sijamuona tena toka ile siku ya Kakoba. Aliniangalia mara moja tu, akasema:

"Dada, ku kilio nilikuwa naita Mungu. Ukaja wewe."