Ramani Imenipeleka kwa Viazi vya Shosho

Aliyechora hii njia ya baiskeli ya huko juu ya Kiganjo ajitokeze leo. Nimechoka!

Nimefika senta moja iliyovuma enzi za kahawa. Siku hizi maduka ni kufuli tupu.

Simu ikasema nyoosha. Nikanyoosha, moja kwa moja hadi ndani ya shamba la viazi.

Shosho mmoja, bibi mwenye shamba, akatoka na jembe. "Wee kijana! Mbona unakanyaga viazi zangu?"

"Shosho, ramani inasema hapa ni barabara."

"Ilikuwa ya lori za kahawa. Ziliacha kuja, nikapanda."

Akanipa jembe. Ati nirudishie viazi udongo!

Nimelima na helmeti kichwani na kaptura ya kubana, majirani wakicheka.

Nilipomaliza akasema, "Kesho kuja na wenzako. Kuna kupalilia."

Wenzangu wa baiskeli, mbona mmenyamaza?