Mkaja wa Bi Khamisa

Bi Khamisa wa Chukwani alikuwa fundi wa hina. Kwa miaka ishirini na sita alikaa chini kwenye majamvi ya watu, kainamia viganja na nyayo za mabibi harusi, akichora maua na majani kwa mkono usiotetemeka. Harusi moja humkalisha saa sita au saba, na yeye hanyanyuki ila kwa sala. Watu waliusifu mkono wake, wakasema hauna mwenziwe Unguja nzima. Mgongo wake hakuna aliyeuuliza hali.

Siku ya harusi ya Yusra, huko Malindi, mgongo ulijibu wenyewe bila ya kuulizwa. Khamisa alimaliza unyayo wa mwisho, akafunika bakuli la hina, akataka kunyanyuka. Akanyanyuka nusu. Nusu ya pili ikakataa. Akabaki kainama, mkono mmoja sakafuni, kama anayetafuta sindano iliyomponyoka, na wanawake waliojaa chumbani, wakidhani anafanya mzaha, wakampigia vigelegele.

"Msinipigie vigelegele, jamani! Nimekwama!"

Yusra, mikono juu isiharibike hina, hakuweza kumshika. Akapiga kelele tu: "Shangazi Nasima! Njoo upesi!"

Akaingia mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, kanyooka kama mlingoti. Hakumvuta wala hakumkanda. Alimlaza ubavu taratibu, akamkunjisha magoti, akamwambia apumue kwa pua mpaka mbavu zitanuke. Baada ya robo saa Khamisa alikuwa kasimama, anafuta machozi, hajui ni ya maumivu au ya aibu.

"Shikamoo, Bi Khamisa," Nasima alisema, sasa alipopata nafasi ya kuamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umenipa dawa gani?"

"Sijakupa dawa. Ni mazoezi, yanaitwa pilates. Nnayafundisha hapa hapa Malindi, wanawake watupu, Jumamosi na Jumatano. Njoo."

Jumamosi Khamisa alikwenda. Darasa lilikuwa chumba cha ghorofa ya tatu, mapazia yamefungwa, mabuibui yametundikwa ukutani kwa safu, na wanawake tisa wamekaa kwenye mikeka ya sponji. Alipopumzika na ngazi, Nasima akamlaza chali na kumwambia apumue. Wakapumua. Wakaendelea kupumua. Dakika kumi zikapita.

"Mwanangu Nasima," Khamisa alisema huku kalala, "nimetoka Chukwani kuja kupumua? Kupumua nnapumua hata kwangu."

Darasa zima likacheka, na Nasima naye akacheka. "Kwako unapumua kwa mabega, Bi Khamisa. Nataka upumue kwa mbavu. Tena."

Hivyo ndivyo alivyokuwa mwalimu huyo. Kila Khamisa akifika, Nasima humpa shikamoo yake kamili, kwani alikuwa sawa na mama yake, kisha humkalia kooni saa nzima: teremsha bega, nyoosha shingo, usikimbilie, tena.

Jambo lililomteka Khamisa hasa halikuwa mazoezi. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamke mwenye miwani, na Nasima alimwambia kila mwanafunzi mgeni habari yake. Huyo ni Bi Shamsi wa Dar es Salaam, aliyemfundisha miaka mitatu. Bi Shamsi naye alifundishwa Nairobi, na mwalimu wake wa Nairobi alikuwa na mwalimu wake, mpaka ufike kwa Pilates mwenyewe, Mjerumani aliyewekwa kizuizini kisiwani kwa Waingereza wakati wa vita, akawa anawafanyisha wenziwe mazoezi huko kambini.

"Kumbe ina silsila!" Khamisa alisema. Yeye alisoma chuoni kwa bibi yake, na bibi yake akiwataja walimu wake mmoja mmoja kabla ya kufungua msahafu. Elimu yenye silsila Khamisa aliijua namna ya kuiheshimu. Au alidhani anaijua.

Nasima alimpa amri moja ya nyumbani: robo saa kila siku. "Darasani unajifunza," alimwambia, "lakini mwili unabadilika nyumbani." Basi kila akishamaliza sala ya alfajiri Khamisa alitandika busati ukumbini. Siku ya kwanza mumewe Kheir, fundi wa mafriji, alirudi kutoka msikitini akamkuta mkewe kalala chali, miguu imeelekea dari, mikono inapigapiga ubavuni, na mdomo unahesabu kwa pumzi.

"Inna lillahi! Mama Shemsa! Umepatwa na nini?"

"Sitini na tatu, sitini na nne... usinipotezee hesabu, Baba Shemsa, ni mpaka mia."

Kheir akakaa kwenye kiti, akamngoja amalize. Alipofika mia akamletea chai mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, na Khamisa akaona kumbe mazoezi yana faida nyingi.

Miezi mitatu haikutimia, akachora hina ya harusi nzima na kunyanyuka kwa mpigo mmoja. Habari zikaenea Chukwani. Wa kwanza kugonga mlango alikuwa jirani yake Bashira, muoka mikate ya ufuta, ambaye viuno vilikuwa vikimuuma kwa kusimama mbele ya jiko. Nyuma yake Mwanapili, shoga wa Bashira, na wengine wawili. "Tufundishe na sisi," walisema. Khamisa hakuringa. Akawatandikia majamvi.

Siku mbili mambo yalikwenda vizuri. Siku ya tatu furaha ikampanda kichwani. Akawafundisha zoezi la kupeleka miguu nyuma ya kichwa, ambalo yeye mwenyewe alilifanya mara moja tu, wiki iliyopita, na Nasima kamshika. Bashira, mwanamke wa bidii, alipeleka miguu kwa nguvu zake zote. Akatoa mlio mdogo. Alipokaa, shingo ilikuwa imelalia upande wa kulia, na haikutaka kurudi. Siku nne nzima alioka mikate kichwa upande, na kila mteja akimuuliza anasikiliza nini.

Bashira mwenyewe alicheka. Khamisa hakucheka. Jumamosi alipanda ngazi za Malindi kwa miguu mizito, akafika kabla ya wenziwe, akasema yote bila kuficha.

Nasima alimsikiliza mpaka mwisho.

"Bi Khamisa, nakuheshimu kama mzazi wangu, lakini leo nitakugombeza kama mwalimu. Chuoni kwa bibi yako, ulipohitimu, ulisomesha watoto?"

"Sikusomesha. Bibi hakunipa ruhusa. Alisema kusoma kwangu ni kuzuri, kusomesha bado."

"Na mie nshakupa ruhusa?"

Khamisa akatazama chini. "Hujanipa."

"Basi."

Neno lenyewe ni hilo moja tu, lakini lilimuingia kuliko maneno mia. Alirudi Chukwani, akaenda mpaka jikoni kwa Bashira akamuomba radhi, na Bashira akamwambia, "Wee nenda kajifunze, mie nakungoja. Shingo nshaisamehe." Majamvi yakakunjwa.

Akaanza upya, safari hii kama mwanafunzi wa ualimu. Mwaka mzima alitandika na kukunja mikeka ya darasa. Alisimama pembeni akitazama migongo ya wenziwe mpaka akaweza kujua bega la nani linauma kabla mwenyewe hajasema. Alijifunza kuomba idhini kabla ya kumgusa mtu, na kumwambia mtu "leo hili usifanye" bila ya kumvunja moyo. Kumbe jicho alikuwa nalo zamani. Aliyezoea kuona jani moja la hina limekwenda kombo hashindwi kuona kiuno kilichokwenda kombo.

Jumatano moja walikuja wageni wanane kwa pamoja, wote akina mama. Nasima akawaambia walale, wavute kitovu kuelekea uti wa mgongo. Wakazuia pumzi, macho yakawatoka. Akawaambia wakaze misuli ya tumbo la ndani. Wakakaza nyuso. Alijaribu kwa mkono, kwa picha, kwa mfano wa zipu ya suruali. Wapi.

"Mwalimu," Khamisa alisema kutoka pembeni, "una idhini yangu niseme neno?" Akajisahihisha haraka, "Nnaomba idhini yako."

"Sema, Bi Khamisa."

"Jamani, nyote mmezaa?" Wakaitika. "Mnaukumbuka mkaja? Siku ile mama kaja na nguo yake ndefu, anakufunga tumbo baada ya uzazi, anauvuta, anakwambia toa pumzi, anauvuta tena, mpaka kiuno kinahisi kimeshikwa? Haya. Sasa nguo hakuna na mama hayupo. Jifungeni wenyewe mkaja wa ndani. Toeni pumzi... vuteni."

Matumbo manane yakaingia ndani kwa pamoja, na nyuso zikatulia.

"Ala!" alisema mmoja wao. "Kumbe ni hivyo tu?"

Nasima akaenda dirishani lilipo daftari lake, akaandika. Jioni ile alimpigia simu Bi Shamsi, na Khamisa, aliyekuwa akikunja mikeka, akasikia sauti ya mwalimu wa mwalimu wake ikicheka kutoka Dar es Salaam, ikisema, "Hilo nitalitumia kesho, na nitasema nimelipata Unguja kwa fundi wa hina."

Wiki mbili baadaye Nasima alimkalisha. "Cheti cha ualimu hutolewa Dar, na safari yake tutaipanga. Mie nakupa ruhusa ya mazoezi kumi na nane, kwa majirani zako, kwako. La kumi na tisa uniulize."

Jumanne majamvi yakatandikwa tena Chukwani. Bashira alifika wa kwanza, unga bado uko mikononi. Walikuwa kumi na mmoja, na Kheir alihamishia friji mbili za watu uani ili nafasi ipatikane. Kabla ya kuanza Khamisa aliwatajia walimu wake mmoja mmoja, kwa utulivu, na wanawake wakasikiliza kama wanavyosikiliza jambo la maana.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Nasima, kaja bila kusema. Akavua buibui, akajilaza kwenye jamvi la mwisho, karibu na mlango, kama mwanafunzi mwingine yeyote. Khamisa akawapeleka zoezi moja hadi jingine, akipita kati yao, akiomba idhini, akigusa hapa na pale, mpaka akafika penye jamvi la mwisho. Akasimama. Wanawake wakageuza vichwa.

"Bi Nasima," alisema, "bega lako la kushoto limepanda."

"Naam, mwalimu," Nasima akajibu, na akaliteremsha.

Khamisa akaendelea kwa aliyefuata.